Hans Christian Andersen: Mgeni wa makasri asiyekuwa na kitanda chake

Kama utotoni ulisimuliwa kisa cha kifaranga wa bata aliyechekwa na uwanja mzima hadi siku alipojitazama majini na kujikuta ni batamaji, au cha nguva aliyetoa sauti yake apate miguu, au cha mfalme aliyetembea uchi huku raia wakimsifia mavazi, basi Hans Christian Andersen si mgeni kwako. Ndiye aliyevitunga. Alizaliwa Denmark mwaka wa 1805, akafa 1875, na hadithi zake zimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100.

Ambacho wengi hawakijui ni mahali alipozitungia nyingi kati ya hizo. Jamaa hakuwa na nyumba. Hakununua hata moja maisha yake yote, ingawa pesa zilikuja kumwingia. Kule mjini alipanga vyumba, na msimu baada ya msimu akafunga sanduku lake kwenda kukaa kwa watu. Si watu hivi hivi. Aliishi katika makasri ya makabaila, akalala vyumba vyao vya wageni, akala mezani kwao, akaandika kwenye meza zao. Na huyu alikuwa mtoto wa fundi viatu na mama dobi.

Tuyaingie makasri hayo kwanza, maana bila kuyaona hutaelewa uzito wa jambo lenyewe.

Kasri la mashambani Denmark halikuwa makazi tu. Lilikuwa serikali ndogo. Kabaila alimiliki ardhi, vijiji, msitu, mara nyingine hata kanisa la kijiji. Wakulima walimfanyia kazi bila malipo siku kadhaa kama sehemu ya gharama ya vishamba walivyokodi kwake. Kuanzia 1733 kulikuwa na sheria iliyomkataza mwanamume wa kijijini kuhama kwa bwana wake katika miaka yake ya nguvu. Sheria hiyo ilianza kufutwa 1788, na wa mwisho wakawa huru 1800. Andersen alizaliwa miaka mitano baadaye. Wazee waliomlea waliikumbuka vizuri sana.

Sasa ingia ndani. Unavuka daraja juu ya handaki la maji linalozunguka ukuta. Mlango unafunguliwa na mtumishi aliyevaa vizuri kuliko mwalimu wa kijiji. Ukumbi una sakafu ya mawe. Juu kuna dari ya plasta iliyofinyangwa maua na malaika wanene. Kuta zimevikwa ngozi iliyopakwa rangi ya dhahabu, au vitambaa vizito vilivyofumwa picha za vita na uwindaji. Mababu wa ukoo wamepangwa ukutani ndani ya fremu, na kila ukisonga macho yao yanasonga nawe. Kuna chumba cha kulia, kuna maktaba, kuna sebule ya akina mama yenye piano, kuna chumba ambamo wanaume huvuta sigara na kucheza bilyadi. Vinara vya kioo vinaning'inia darini vikiwa na mishumaa mingi kuliko ambayo familia maskini ingewasha mwaka mzima. Katika kila chumba kuna jiko la kupasha joto, na kuna mtu anayeamka gizani kuliwasha kabla mgeni hajatoa mguu kitandani. Huyo mtu humwoni. Ana ngazi zake nyembamba nyuma ya ukuta, apite na kuni na ndoo bila kukutana na wakubwa.

Andersen aliingia humo kwa mlango wa mbele. Watu wake waliyajua makasri kwa mlango wa nyuma.

Anza na kitanda alichozaliwa. Kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, babake alikiunda kwa mbao zilizokuwa zimebeba jeneza la kabaila mmoja aitwaye Trampe wakati wa matanga. Vipande vya kitambaa cheusi vilikuwa bado vimeshikilia mbao. Juu ya hizo mbao, Aprili 2, 1805, mjini Odense katika kisiwa cha Funen, ndipo mtoto alipokuja duniani. Ukipenda usiamini kila alichosema Andersen kujihusu. Alikuwa fundi wa kupamba mambo, hasa yake. Lakini kwamba alichagua kuanza hadithi yake na mabaki ya matanga ya tajiri yakigeuzwa kitanda cha maskini, hilo linatueleza mengi.

Babake, naye akiitwa Hans, alikuwa mtu wa vitabu aliyekwama kwenye kazi ya viatu. Chumba chao kimoja ndicho kilichokuwa karakana, jikoni na pa kulala. Usiku alimsomea mwanawe visa vya Alfu Lela Ulela. Ndoto yake ilikuwa moja: kupata kazi ya fundi viatu katika kasri fulani la mashambani, kazi iliyokuja na nyumba, bustani na malisho ya ng'ombe. Bibi wa kasri akatuma kipande cha hariri, ashonewe viatu vya densi kama mtihani. Ngozi ya soli ilikuwa juu ya fundi. Siku hizo nyumbani hapakuzungumzwa kingine. Mama, baba na mtoto walikuwa tayari wanaihesabu ile bustani kuwa yao.

Viatu vikaisha. Baba akavifunga kwenye kitambaa akaenda navyo. Bibi hakuvijaribu hata mguuni. Alivitupia jicho, akasema hariri yake imeharibiwa na kazi hakuna. Fundi akamjibu kwamba ikiwa bibi amepoteza hariri, na yeye yuko radhi kupoteza ngozi yake; akachomoa kisu, akazikata soli papo hapo. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Wote watatu walilia.

Kisa hicho Andersen hakukisahau. Miaka mingi baadaye, akiwa mwandishi maarufu anayekaribishwa na mabibi wa aina ile ile, alikiandika kitabuni watu wote wasome.

Kulikuwa na siku nyingine. Mamake, Anne Marie, alienda na majirani kuokota masuke yaliyobaki shambani baada ya mavuno, akamchukua mtoto. Msimamizi wa shamba, mwanamume aliyejulikana kwa ukatili, akatokea na mjeledi. Wote wakatimua mbio. Mtoto viatu vyake vya mbao vikamtoka, mabua makavu yakamchoma nyayo, akaachwa nyuma. Mjeledi ulipoinuliwa juu yake alimkazia macho yule mtu na kumuuliza anathubutu vipi kumpiga ilhali Mungu anaona. Msimamizi akalegea, akamuuliza jina lake na kumpa pesa. Ukiisoma vizuri, hiyo ndiyo biashara ambayo Andersen angefanya na wakubwa maisha yake yote: maneno yake, hela zao.

Baba akaenda jeshini wakati wa vita vya Napoleon, akilipwa kushika nafasi ya mtoto wa mkulima mwenye uwezo. Akarudi mgonjwa, akafa 1816. Hans alikuwa na miaka 11. Mama akaendelea kufua nguo za watu ndani ya maji baridi ya mto wa Odense, na pombe kali aliyokunywa kupata joto ikamzoea.

Mjini humo kulikuwa na kasri la kifalme, na Mwanamfalme Christian, gavana wa kisiwa, aliishi humo. Kijana akapata nafasi ya kusimama mbele yake, akaimba, akaigiza. Mwanamfalme alimsikiliza kwa upole, kisha akamshauri ajifunze kazi ya mikono, pengine uchongaji wa mbao. Ushauri mzuri tu, ukiutazama kwa macho ya mkubwa. Kijana hakuutaka. Septemba 1819, akiwa na miaka 14 na dala kama 13 mfukoni, alipanda gari la farasi kwenda Copenhagen kutafuta jukwaa. Hakuwa na mjomba huko, wala barua ya kazi.

Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya msoto mtupu. Alijaribu kuimba, sauti ikavunjika. Akajaribu kudansi, na ukiona picha zake, mrefu kama mlingoti, pua ndefu, mikono haijui ikae wapi, utaelewa kwa nini haikuwezekana. Akaandika michezo ya kuigiza iliyojaa makosa ya tahajia. Mmoja wa wakurugenzi wa Jumba la Kifalme la Maonyesho, Jonas Collin, akaona kuna kitu hapo, akamtafutia karo kutoka hazina ya mfalme. Basi akiwa na miaka 17 akarudishwa darasani na watoto wadogo, chini ya mwalimu mkuu aliyemkejeli mchana kutwa. Alizidi kuota ndoto mbaya za shule hiyo hata uzeeni.

Familia ya Collin ikawa nyumbani kwake, karibu. Neno ni hilo: karibu. Katika Kidenishi kuna wewe ya watu wa karibu na kuna wewe ya heshima. Mwaka wa 1831 Andersen alimwandikia Edvard, mwana wa mzee Collin, akimwomba watumie ile ya karibu, kama ndugu. Edvard akakataa, kwa adabu zote. Kwa kijana aliyekula mezani kwao kwa miaka, lile jibu lilikuwa kama kuambiwa abaki varandani. Mwaka wa 1847 alitoa hadithi iitwayo Kivuli, ambamo kivuli cha msomi kinamtoroka, kinatajirika, kisha kinarudi kumfanya bwana wake kuwa kivuli chake, na kinakataa katakata kuitwa wewe ya karibu. Ni hadithi yake ya giza kuliko zote, na mimi naiweka juu ya ile ya nguva.

Mwaka wa 1835 mambo yakafunguka. Riwaya yake ya kwanza ikatoka, na Mei hiyo hiyo kijitabu chembamba cha hadithi za watoto kikaifuata. Mwaka wa 1838 mfalme akamkatia dala 400 kila mwaka za kujikimu. Haukuwa utajiri, ila aliweza kulala bila kuwaza kodi ya chumba.

Ndipo mialiko ikaanza kumiminika. Makabaila wa enzi hizo walihitaji wageni. Majira ya joto ni marefu mashambani, magazeti ni machache, na jirani wa hadhi yako yuko mbali kwa gari la farasi. Msanii mwenye jina alikuwa burudani, na pia pambo. Unaketi naye mezani na jirani anajua. Andersen akawa anazunguka. Nysø kwa Bi Christine Stampe, ambako mchongaji mashuhuri Bertel Thorvaldsen alikuwa na karakana yake bustanini. Gisselfeld, kasri la matofali mekundu lililojengwa karne ya 16, maji pande zote. Bregentved na Glorup, kwa koo za Moltke. Baadaye Basnæs, alikosherehekea Krismasi nyingi, na Holsteinborg.

Alilipaje? Kwa kipaji chake. Chakula cha jioni kikiisha, viti vinasogezwa sebuleni, mishumaa inaongezwa, naye anasoma hadithi kwa sauti, uso mzima ukicheza. Asubuhi anatoka bustanini kuchuma maua na majani ya porini na kuyapanga vizuri kuliko mtunza bustani. Watoto wakimzonga anatoa mkasi mkubwa, anakunja karatasi, anaongea huku anakata. Mwisho wa hadithi anakunjua karatasi na humo mna makasri, wadansi na batamaji. Karatasi hizo leo zinatunzwa kwenye majumba ya makumbusho. Na kule Nysø, kwa kumbukumbu zake mwenyewe, Thorvaldsen, mzee wa heshima zake, alikuwa akimwomba jioni hadithi ya kumlaza kama mtoto. Kisa cha Ole Lukøje, yule mzee wa usingizi anayewafungulia watoto mwavuli wa ndoto, kilitoka huko.

Wengine watasema alikuwa mnyonyaji. Sikubali kabisa, lakini sikatai kabisa pia. Mwaka wa 1857 alienda kumtembelea Charles Dickens huko Uingereza kwa wiki mbili akakaa tano, na alipoondoka Dickens akabandika karatasi kwenye kioo cha chumba kile kueleza kwamba kwa familia yake muda huo ulikuwa kama karne. Andersen alipenda kusifiwa jinsi paka anavyopenda jua. Alipenda nishani. Mbele ya mfalme uti wa mgongo wake ulikunjika bila kuombwa. Lakini hebu mtazame akiwa chumbani usiku, mlango umefungwa. Sandukuni mna kamba ndefu. Aliibeba safari zote, nyumba ikishika moto ashukie dirishani. Kando ya kitanda kulikuwa na nyakati alipoacha kikaratasi cha kuwaarifu watumishi kwamba akionekana amekufa, hajafa. Aliogopa kuzikwa hai. Mtu wa namna hiyo hakai raha katika nyumba ya mtu, hata shuka ziwe za kitani safi kiasi gani. Muda wote anajua njia ya kutokea iko wapi.

Na kalamu ilikuwa inaona. Julai 1842, akitembea maeneo ya Gisselfeld na Bregentved, wazo la kifaranga mbaya lilimjia. Hadithi ilipotoka Novemba 1843 ilianza pale pale: kasri kuukuu, handaki la maji, majani mapana ya porini yakishuka hadi majini, na bata ameatamia mayai chini yake. Tazama alipomweka shujaa wake. Hakumweka ukumbini chini ya vinara. Kifaranga anazaliwa nje ya ukuta, kwenye magugu, akiitazama nyumba kutoka chini. Mwishoni anakuwa batamaji, naam, lakini batamaji wa nani? Wa bustani kubwa, wa kutupiwa mkate na watoto wa wenyewe. Andersen hakuwa mjinga. Alijua pambo ni pambo.

Kuna kasri jingine, jeupe, kando ya ziwa, liitwalo Gråsten. Leo familia ya kifalme ya Denmark hulitumia kwa mapumziko ya majira ya joto. Mnamo 1845 lilikuwa la Augustenborg, ukoo mkubwa hata kwa vipimo vya wakubwa. Ndani yake mna kanisa la familia lililonusurika moto wa 1757, kuta zimejaa michoro kutoka chini hadi juu. Andersen alikaa huko siku kadhaa Novemba hiyo, akiwa njiani kwenda nchi za nje. Ikamfikia barua ya mchapishaji wa kalenda. Ndani mlikuwa na picha tatu, achague moja na kuitungia hadithi. Akachagua picha ya mtoto maskini mwenye vibiriti mkononi, iliyochorwa na Johan Thomas Lundbye.

Novemba 18 aliandika Msichana Muuza Vibiriti. Wengi wenu mnaijua: usiku wa mwisho wa mwaka, theluji, mtoto hana viatu, hajauza hata njiti moja, anaogopa kurudi nyumbani kupigwa. Anawasha kibiriti kimoja ajipashe joto, na kwenye mwanga huo anaona jiko la chuma lenye urembo wa shaba. Linazimika. Cha pili, ukuta unageuka kama shela jepesi na anaona chumba ndani: meza yenye kitambaa cheupe, vyombo vya kauri, bata bukini wa kuchomwa aliyeshindiliwa matofaa. Cha tatu, mti wa Krismasi wenye mishumaa maelfu. Halafu nyanyake. Asubuhi wanamkuta amekufa kwa baridi.

Sasa rudi Gråsten. Jiko la joto lilikuwa chumbani alimoandikia. Meza yenye kitambaa cheupe ilikuwa inamsubiri chini. Alichofanya ni kuchukua vitu vya aina ya vile vilivyomzunguka akavisogeza upande wa pili wa ukuta, avitazame kama vinavyoonekana kutoka barabarani. Mamake alipokuwa msichana mdogo alifukuzwa nyumbani akaombe barabarani. Akashindwa kuomba, akakaa chini ya daraja la mto wa Odense siku nzima akilia. Alikuwa amemsimulia mwanawe. Kufikia 1845 mama alikuwa amekufa miaka 12, katika nyumba ya maskini, mwanawe akiwa Italia kwa safari ya masomo. Hakumzika.

Miaka mitatu baada ya Gråsten vita vilizuka, na ukoo wa Augustenborg ulikuwa upande wa waasi waliopigana na Denmark. Watu waliomkaribisha mezani wakawa maadui wa nchi yake. Urafiki huo ukaishia hapo.

Pengine vita vilimkomaza, maana hadithi zake zikawa kali zaidi. Mwaka wa 1853 alitoa moja kuhusu kila kitu kuwa mahali pake panapostahili. Kabaila mlevi anamsukuma mchunga bata bukini kutoka darajani kwa mpini wa mjeledi. Mchuuzi wa soksi anamwokoa. Miaka inapita, kabaila ameila nyumba kwa kamari, na mchuuzi ndiye anayeinunua na kumwoa yule msichana. Lakini wajukuu zao nao wanakuwa wakubwa, na picha za mchuuzi na mchunga bata zinatolewa ukumbini kwenda kutundikwa ushoroba wa watumishi. Hapo ndipo filimbi ya mti inapopulizwa kwenye karamu, upepo unavuma, na kila mtu anarushwa panapomfaa: mwenye kasri moja kwa moja hadi kibanda cha mchunga ng'ombe. Hebu fikiria akiisoma hiyo sebuleni, chini ya zile picha za mababu. Walicheka na kupiga makofi, nina hakika. Kila aliyekuwa chumbani alidhani ni ya jirani.

Mwaka wa 1840, kabla ya hayo yote, alikuwa pia ameandika mchezo kuhusu kijana chotara wa Martinique, msomi, anayepelekwa mnadani kuuzwa kama mtumwa. Ukumbi wa Copenhagen ulijaa. Denmark yenyewe wakati huo ilikuwa na visiwa vya miwa Karibea, na Waafrika waliolimishwa huko hawakuachiliwa hadi 1848. Waliofuta machozi ukumbini walirudi nyumbani wakatia sukari kwenye chai. Andersen hakuandika mchezo huo kama mpiganaji. Alijiona mwenyewe katika yule kijana mwenye elimu asiye na mahali pa kukaa. Hata hivyo aliuandika.

Mwaka wa 1866, akiwa na miaka 61, alihamia vyumba ambavyo havikuwa na samani, na kwa mara ya kwanza maishani ikabidi anunue zake. Ungedhani atafurahi. Kitanda kilimtia hofu kabisa. Aliona kitaishi kuliko yeye, kwamba amejinunulia kitanda cha kufia. Mtu aliyelala kwenye vitanda vya makabaila bila shida alishindwa kukitazama chake.

Desemba mwaka uliofuata, Odense ikampa uraia wa heshima. Mji ukawashwa taa, watu wakajaa uwanjani na mienge, kama vile mwanamke mmoja mtabiri alivyokuwa amemwambia mamake kabla kijana hajaondoka na dala zake 13. Andersen alisimama dirishani akiwatazama. Jino lilikuwa linamuuma vibaya sana, hakuweza kufurahia hata robo.

Mojawapo ya hadithi zake za mwisho, ya 1872, inarudi kasrini tena. Safari hii shujaa ni mtunza bustani aitwaye Larsen. Mabwana zake hula matunda ya ajabu kwa majirani, wanamtuma akaulize yalikotoka, na kumbe yalitoka kwenye bustani yao wenyewe, yeye ndiye aliyeyakuza. Wanaona haya kidogo. Mwaka unaofuata inatokea tena. Hawamfukuzi, hawampandishi cheo. Wanasema tu asije akajiona.

Mwaka huo afya ikaanza kumtupa mkono. Mfanyabiashara Melchior na mkewe wakamchukua katika nyumba yao ya Rolighed, nje kidogo ya Copenhagen, wakampa chumba. Alifia hapo Agosti 4, 1875, kwa maradhi ya ini. Mfalme alihudhuria mazishi. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Edvard Collin, yule wa kukataa wewe ya karibu.

Kile kitanda cha 1866 hakikumpata. Alikufa akiwa mgeni, kwenye kitanda cha watu, na kamba yake ya dirishani iko Odense hadi leo, kwenye jumba la makumbusho, pamoja na sanduku.